Spea Iliyo Chini ya Gari

Spea ya basi dogo la kwaya yetu imening'inizwa kwa mnyororo chini ya gari, nyuma, inakopigwa na tope la kila safari ya msiba. Pancha ikitokea upande huo gari hulala, na spea haitoki bila jeki. Ndiyo maana kila mwezi tunaishusha: tunapakua spika, tunafungua nati, tunapaka grisi, tunapima upepo. Vijana hucheka: si ipo? Ipo. Hata wale wanawali wapumbavu wa Mathayo 25 walijua mafuta yapo, kwa wauzaji. Imani nayo wengi wetu tumeifunga huko huko chini. Mwezi huu mnyororo uliganda kwa kutu. Tuliugonga hadi saa tatu usiku ukaachia. Alfajiri tulikuwa na safari ya kumzika mama wa mwinjilisti wetu.