Krismasi ya Nazi na Korosho

Mpenzi msomaji, ikiwa umepanga kuwapeleka watoto kwa bibi yao pwani ya Kilifi na Malindi Krismasi hii, usiwafungie nguo mpya peke yake. Watilie mkobani na pakiti moja ya kakao. Sababu nitakueleza.

Safari yenyewe huenda unaijua. Ukitoka Mombasa ukapita Nyali na Mtwapa, utafika Kilifi baada ya kilomita kama 60, na kutoka hapo hadi Malindi ni mwendo wa karibu sawa na huo. Hapo Kilifi utavuka hori juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri, na waliokuwa watoto siku zile hawajasahau foleni ya magari na wachuuzi wa korosho waliopita dirisha kwa dirisha. Feri imekwenda zake, lakini korosho zingalipo. Nunua pakiti mbili, uzifiche vizuri. Mimi sikuzificha vizuri, na ndipo kisa changu kilipoanza.

Desemba katika pwani hii ni mwezi wa kaskazi. Jua ni kali, bahari imetulia, na maembe yameiva mpaka yanaanguka yenyewe usiku juu ya mabati. Nao watoto wetu wamefunga shule wakiwa wamechora kadi zenye theluji, kitu ambacho wengi wao hawajapata kukiona ila ndani ya jokofu. Kitinda mimba wangu aliniuliza ndani ya matatu, "Mama, kwa bibi kuna theluji?" Nikamjibu kwamba kwa bibi kuna nazi. Hakuridhika, lakini nakuomba uliweke akilini jibu hilo.

Tulisimama Gede kidogo, kwa kuwa si vyema watoto wapite hapo kila mwaka bila kujua ni wapi. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi karne nyingi zilizopita, wenye misikiti, visima na nyumba za mawe, kisha ukahamwa na msitu ukaufunika. Uchimbuaji mkubwa ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watoto walisikiliza haya yote kwa adabu kwa muda wa dakika nne. Walichokipenda zaidi ni kima wanaorukaruka juu ya kuta. Mmoja wao alishuka taratibu kama mzee anayekwenda kwenye baraza, akatia mkono ndani ya kikapu changu, akaondoka na korosho zetu. Zote mbili. Watoto wangali wanacheka hadi leo.

Basi tukafika kwa mama mkwe, kati ya Gede na Malindi, tukiwa na kakao, mayai, majarini, na hatuna korosho.

Nilikuwa nimewaahidi watoto keki bapa nyeusi za kakao ambazo Wamarekani huziita brownies. Hoteli ya Palmer House ya Chicago husimulia kwamba zilibuniwa jikoni kwake mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, ili akina mama wapate kitu kitamu cha kubeba ndani ya kisanduku cha chakula. Ni keki nzito isiyohitaji kuumuka, kwa hiyo haimtii aibu mpishi asiye na jiko la kisasa. Ladha yake hukamilika kwa karanga au korosho.

Tazama maajabu ya vyakula, msomaji. Mmea wa kakao asili yake ni Amerika. Mkorosho nao ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno, watu wale wale ambao Vasco da Gama aliwatangulia kutia nanga Malindi mwaka 1498. Ukifika mjini, wapeleke watoto wakaone nguzo yake juu ya mwamba wa bahari, kisha kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Mtakatifu Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Wareno wamekwenda, mkorosho umebaki, na sasa Mgiriama huuita mkanju na kuuhesabu kuwa mti wa babu yake.

Tatizo ni kwamba mkanju wa kwa mama mkwe ulikuwa na kesi.

Mti huo umesimama mpakani kabisa. Mama mkwe husema aliupanda marehemu mumewe. Jirani, ambaye ni mama wa Kiislamu wa rika lake, husema jiwe la mpaka liko upande wa pili wa shina. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumkera mtu. Kila mmoja aliokota zilizomwangukia. Kisha kukavuma habari za kupima ardhi na kutoa hati, na maneno yakaingia. Hapo zamani, Idi ikifika, sahani ya jirani ilikuja imefunikwa kitambaa. Krismasi ikifika, yetu ilikwenda. Mwaka ule Idi zote mbili zilikuwa zimepita bila sahani. Na chini ya mkanju mabibo yalikuwa yanaoza, korosho zikiwa bado zimening'inia kwenye ncha zake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana akiinama.

Niliuliza kama tungeweza kuokota chache. Mama mkwe akanijibu, "Mwanangu, mti ule una mdomo." Nikanyamaza.

Watoto hawakunyamaza. Nilipokuwa nikikuna nazi, wawili wakubwa walikwenda kupiga hodi kwa jirani bila kututaka shauri. Nilipata habari baadaye. Walisema shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakaeleza habari ya kima wa Gede tangu mwanzo hadi mwisho, kisha wakaomba korosho za keki. Yule mama alicheka, halafu akakaa kimya kitambo. Mwishowe akawapa ndoo na kuwaambia, "Okoteni zote, za huku na za kule."

Nilipoona ndoo ile sikusema neno. Wala mama mkwe hakusema. Alikwenda kutafuta lile bati lake lenye matundu, akawasha moto uani.

Hapa, msomaji, nikuonye. Korosho mbichi si kazi ya mtoto. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi vibaya, na moshi wake unawasha macho na kifua. Achoma mtu mzima, nje ya nyumba, akikaa upande unakotoka upepo, na watoto wakae mbali mpaka korosho zimepoa na kumenywa. Ukinunua zilizokwisha kukaangwa umejiondolea taabu.

Kazi ya watoto ni hii ifuatayo. Yeyusha gramu 200 za majarini, uache ipoe kidogo. Mtoto mmoja atie kikombe kimoja na nusu cha sukari na akoroge. Wa pili avunje mayai matatu, moja moja, ndani ya bakuli la pembeni, kwa maana ganda litaingia tu. Changanya. Chekecha robo tatu ya kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha kakao na chumvi kidogo, kisha utie iliki iliyotwangwa. Mimi natumia iliki badala ya vanila ya chupa, kwa sababu baadhi ya chupa hizo zina pombe, na keki ya Krismasi ya pwani ni lazima iweze kuliwa na jirani. Mwisho mimina korosho zilizokatwakatwa.

Kama hakuna jiko la umeme, fanya kama walivyofanya mama zetu. Paka mafuta sufuria pana, mimina mchanganyiko, funika, weka juu ya makaa machache na upalie makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Moto wa chini ukizidi, keki itaungua kitako na mbichi juu. Baada ya nusu saa choma kwa kijiti: kikitoka na chembechembe laini zilizoshikamana, epua. Usingoje kitoke kikavu kabisa, utakuwa umeoka tofali.

Sasa kupamba, ambako ndiko watoto walikokuwa wakikungojea tangu Mombasa. Ngoja keki ipoe kabisa, ukate vipande vya mraba. Usijaribu saa saba mchana, kwani kwa joto la Desemba sukari itatiririka mezani. Ngoja alasiri, upepo wa bahari ukianza. Changanya sukari laini na maji kidogo ya ndimu mpaka iwe nzito, itie katika kona ya mfuko safi, ukate tundu dogo, kisha wape wachore wapendavyo, na mkono wako uuzuie. Wangu walichora nyota, samaki, ngalawa, na twiga mmoja mwenye miguu mitano. Nikapata nafasi ya kuwaeleza kwamba Malindi iliwahi kumtuma twiga wa kweli kwa mfalme wa China, akafika mwaka 1415. Hawakuniamini.

Rangi nyekundu tuliipata kwenye mabuyu. Mbegu zenyewe ni ngumu na zinaweza kumpalia mtoto mdogo, kwa hiyo tulitumia ile sukari nyekundu inayobaki chini ya pakiti. Na nyeupe ilikuwa nazi: ile niliyoikuna kwa mbuzi, nikaikausha kikaangoni kwa moto mdogo bila kuiacha ibadilike rangi. Kitinda mimba aliichota kwa vidole, akainyunyiza juu ya keki nyeusi, akatazama. "Mama," akasema, "theluji." Nilikuwa nimemwambia.

Tulipanga vipande kumi na viwili juu ya sahani ya bluu, ambayo mama mkwe aliitoa kabatini mwenyewe. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ilikuwa ya jirani, iliyokuja na Idi ya mwisho kabla ya maneno, ikakosa nafasi ya kurudi. Pwani sahani ya mtu hairudi tupu. Watoto wakaipeleka asubuhi ya Krismasi wakiwa na nguo zao mpya, ikiwa imefunikwa kitambaa. Jirani akaipokea, akawashukuru, akafunga mlango. Basi.

Huenda ulitarajia nikuambie kwamba mabibi wawili walikumbatiana chini ya mkanju. La. Tulirudi Mombasa siku ya tatu bila kuwaona wakisemezana. Mpaka wenyewe haujapimwa hadi ninapoandika haya, na kila mmoja angali na jiwe lake moyoni.

Lakini baada ya Ramadhani, siku ya pili ya Idi, mama mkwe alinipigia simu. Alizungumza habari za mvua, habari za kuku, habari za goti lake. Karibu na kuaga akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba ile sahani ya bluu imekuja. Ina vileja. Amekula viwili, vingine anawawekea watoto.

"Na sahani?" nikamuuliza.

"Iko kabatini," akasema. "Inangojea Desemba. Mje na kakao."