Baba Aliporudi Nkololo

Baba yetu ni askari wa JWTZ, nasi tunaishi na mama hapa Nkololo, wilayani Bariadi. Alipokwenda kulinda amani Kongo mwaka 2017, mdogo wetu alikuwa hajaanza hata kukaa. Tarehe 7 Desemba mwaka huo kambi ya Semuliki ilishambuliwa, wakauawa askari wetu kadhaa. Tulishinda karibu na redio, mama akiinuka kwenda kuswali tu. Kisha simu ya baba ikalia, alhamdulillah.

Alirudi 2018, msimu wa kuvuna pamba. Mdogo wetu alipomwona alijificha nyuma ya kanga ya mama. Kwake yeye, baba ni sauti ya ndani ya simu! Baba hakumlazimisha. Alivua buti, akaketi mkekani, akawa anamsogezea michembe, kipande kimoja kimoja.

Siku ya nne baba akiwa kwenye sijda, mtoto akampanda mgongoni. Tulitaka kumtoa, mama akatuzuia. Ustadhi alishatufundisha kuwa Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama. Baba akairefusha sijda, na hata alipotoa salamu, mtoto alikuwa bado ameng'ang'ania shati lake.