Konokono wa Berlin, konokono wa Umwe

Hapa Berlin duka la samaki wa mapambo huuza konokono mmoja mmoja, kwa euro chache, na muuzaji hakukabidhi kabla hajakuhoji: tangi lako lina muda gani, maji yana chokaa kiasi gani, umeweka samaki gani. Kwetu Umwe, pale Ikwiriri, ukisema kuna mtu ametoa hela yake kununua konokono, tena si wa chambo wala wa kuliwa, watu watauliza kama yuko salama. Nilimpigia dada yangu simu ya video nikamwonyesha tangi langu. Akasema, "Mdogo wangu, usitie mkono humo. Utapata kichocho."

Dada, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ana sababu ya kuogopa. Kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa pwani yetu, na bila konokono hakiendi popote. Mgonjwa akikojoa majini, mayai yaliyo kwenye mkojo huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono wa jamii ya Bulinus kikajipenyeza mwilini mwake. Humo huzaana kwa wiki kadhaa. Kisha hutoka vijidudu vyenye mkia, vingi mno, vikaogelea hadi vipate ngozi ya mtu. Hutoka zaidi jua la mchana linapowaka, saa zile zile watoto wanapokimbilia kuoga bwawani. Dawa ipo, prazikwanteli, na hugawiwa mashuleni. Lakini mtoto aliyeimeza leo akirudi kwenye maji yale yale kesho, anaweza kuambukizwa upya.

Konokono wangu ni wa ukoo mwingine kabisa. Ana mistari myeusi juu ya manjano, mdogo kuliko limau, na kazi yake ni kula ukijani unaoota kwenye kioo. Usiku nikiwasha tochi namwona kwa chini: mdomo unafunguka, ulimi wenye meno madogo unakwangua, unafunga, anasogea. Asubuhi njia aliyopita inaonekana kwenye kioo, safi. Hutaga mayai meupe yaliyotapakaa kwenye mawe kama ufuta, na hayo mayai hayatoi kitu, maana watoto wake wanahitaji maji yenye chumvi ili wakue. Ndiyo maana karibu wote wanaouzwa madukani wameokotwa porini, kwenye midomo ya mito inayopanda na kushuka na bahari.

Hapo ndipo nilipostuka. Jina la kisayansi ambalo maduka humbandika konokono huyu wa pundamilia ni Neritina natalensis, na mwenye jina hilo kwao ni pwani ya Afrika Mashariki, tangu Somalia hadi Afrika Kusini. (Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni binamu zake wa Asia.) Mimi nimekulia si mbali na delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, na sikuwahi kumwinamia konokono hata mmoja nikamtazama. Kwetu wote walikuwa konokono tu, ukimwona unamkwepa au unamponda.

Huku mtu wa kawaida anayefuga husoma karatasi ya dawa ya samaki kutafuta kama ina shaba, kwa sababu shaba humuua konokono. Kwetu mrututu, ambao una shaba hiyo hiyo, uliwahi kutumika makusudi kuwaulia konokono wa kichocho katika nchi nyingi za Afrika. Huku watu hununua mfupa wa dome ili konokono apate chokaa ya gamba lake. Kwetu mawimbi huutupa ufukweni bure. Elimu ni moja, imegawanyika: wao wanajua anachohitaji aishi, sisi tulifundishwa kinachomuua. Na pande zote mbili ni lazima kwanza umjue ni konokono yupi.

Kumjua si kazi ngumu. Okota gamba tupu shambani, maji ya mafuriko yakishapungua na watu wakianza kilimo cha mlao. Usiingie majini kulitafuta. Lishike ncha ikitazama juu, mdomo ukikuelekea. Mdomo ukiwa kuliani kwako, huyo si Bulinus. Ukiwa kushotoni, tazama ukubwa. Bulinus ni mdogo, mara nyingi hafiki urefu wa pingili ya kidole, na gamba lake ni jepesi. Lanistes naye hujizungusha kushoto, lakini akikomaa ni mkubwa na mzito, na akiwa hai ana kifuniko cha kufungia mlango wake, Bulinus hana. Huyo Lanistes ni chakula cha korongo domo-wazi, na kumponda ni kumnyima ndege riziki bila kupunguza kichocho.

Sasa neno kwa wenzangu wa ughaibuni, na hili nalisema kwa uzito: msipeleke konokono hai nyumbani, hata awe mzuri namna gani. Konokono-tufaha wa Amerika Kusini, Pomacea, alikuwa pambo la akwariamu kabla hajavamia mashamba ya mpunga ya delta ya Ebro, Hispania. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku jamii yake nzima. Mwaka 2020 akaonekana Mwea, Kenya, kwenye skimu kubwa ya mpunga, na mayai yake ya rangi ya waridi yamegandamana kwenye mashina juu ya maji. Bonde la Rufiji linaishi kwa mpunga. Mwea iko nchi jirani.

Dada hajashawishika kuhusu tangi langu, na simlazimishi. Ila aliwaambia wanafunzi wake walete magamba kutoka mashambani, wakayapanga mezani makundi mawili, kushoto na kulia, na mabishano yakawa makubwa hadi kengele ikalia. Ameniomba lenzi za mkono. Huku ni za bei ndogo na hazina uzito kwenye begi; mwenye ndugu anayefundisha Kibiti, Mohoro au Utete amfungie chache anaposafiri.