Joto Nalo ni Nafaka



Sisi watu wa pwani hatujazoea kulipia joto. Tunalipa ili kulikimbia: feni, barafu, madafu, na mwenye uwezo huweka mashine ya kupoza chumba. Hata usiku wa Julai, tunapojifunika shuka mbili na kusema kuna baridi, ni nadra hapa Mombasa kipimo kushuka chini ya nyuzi 18. Nyuzi 18 hizo ndizo Shirika la Afya Duniani lilizozitaja, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kuwa kiwango cha chini kinachofaa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Kiwango ambacho sisi twakiita baridi, wenzetu wa Ulaya hutoa fedha ili wakifikie.

Naandika juu ya fedha hizo kwa sababu nyumba nyingi zinazosoma jarida hili zina mwana, binti au ndugu aliye Uingereza, na kwa sababu baadhi ya magomvi ninayoletewa niyasuluhishe hutokana na hesabu ambayo upande mmoja hauioni.

Januari iliyopita nilialikwa mjini Leicester kufungisha nikahi ya kijana wa jamaa zetu. Nilifikia kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeolewa huko na ana watoto watatu. Yeye huhudumia wazee katika nyumba ya matunzo, na mumewe hufanya kazi ya ghala zamu za usiku. Msimu ule jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi, na Magharibi huingia saa kumi na dakika chache. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi husaliwa ndani ya muda wa saa nne. Huku kwetu ilikuwa kaskazi kali. Kule maji ya udhu usipoyatia moto, vidole hufa ganzi.

Nyumba za huko hutiwa joto kwa maji. Jikoni au kabatini mna boila inayochoma gesi na kuchemsha maji. Pampu huyasukuma katika mabomba yanayopita chini ya sakafu mpaka kila chumba. Na katika kila chumba, aghalabu chini ya dirisha, pana bamba la chuma lenye matundu ndani, ambamo maji yale ya moto hupita na kulipasha. Bamba hilo huitwa rejeta, jina lile lile la rejeta ya gari. Ya gari hutoa joto la injini na kulitupa nje. Ya nyumba hutoa joto la boila na kuwapa wenye nyumba.

Nikiwa hapo siku ya tatu, rejeta ya chumba cha watoto ilianza kuvuja kwa chini. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama wino. Mume wa mpwa wangu alifunga vali zake mbili, ya kuingizia na ya kutolea, ili vyumba vingine visikose joto, kisha akaita fundi wa mabomba.

Fundi alitueleza kwa upole. Alisema rejeta ikiwa baridi juu na moto chini, ina hewa ndani. Hewa hiyo hutolewa kwa ufunguo mdogo ambao mtu yeyote aweza kuununua, na hakuna haja ya kumlipa fundi. Ikiwa moto juu na baridi chini, ina tope la kutu, na yaweza kusafishwa. Ikiwa baridi yote hali ya kuwa nyingine zina moto, huenda vali imekwama tu. Lakini ikishatoboka kwa kutu ya ndani, kama ile, dawa yake ni kuibadilisha.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Rejeta mpya, pauni 95. Vali mbili, pauni 30. Dawa ya kutia ndani ya maji ili kuzuia kutu, pauni 20. Kazi yake mwenyewe, pauni 180. Jumla pauni 325, ambazo kwa kiasi cha shilingi 170 kwa pauni moja ni shilingi 55,250.

Niliuliza kwa nini kazi izidi chombo karibu maradufu. Akajibu kuwa kuna kupunguza maji ya mfumo, kuondoa bamba la zamani, kurekebisha mabomba kwa sababu mapya hayalingani upana na ya zamani, kupachika vishikio ukutani, kujaza maji upya, kutoa hewa katika kila chumba, na kusawazisha ili rejeta moja isizipore nyingine moto. Ni kazi ya nusu siku, na ndani ya nusu siku ile mna bima yake, gari lake na kodi yake. Fundi wa pili aliyeitwa alitaka zaidi, akisema mfumo wote uoshwe. Pengine alikuwa na haki, lakini kuosha mfumo mzima hakukuwamo katika uwezo wa nyumba ile mwezi ule.

Hata pauni 325 hazikuwamo. Bili ya gesi ya miezi ya baridi ilikuwa mezani, na kule hata siku ambayo hukuwasha kitu, kuna ada ya kila siku ya kuwa na mita. Kodi ya baraza la mji ilikuwa imelipwa wiki ile ile. Na siku mbili kabla, simu ya mpwa wangu ilikuwa imeingia ujumbe kutoka nyumbani Mombasa: harusi ya binti wa khaloo yake yakaribia, kina mama wamechagua leso za sare na kitambaa cha usiku wa kupamba, na fungu lake yeye, kwa kuwa yuko Ulaya, ni pauni 300.

Kwa hiyo watoto watatu wakahamia kulala katika chumba cha wazazi, magodoro sakafuni. Chumba chao kilifungwa mlango. Baada ya juma moja vioo vya dirisha vilikuwa vikitiririka maji kila asubuhi, na nyuma ya kabati la nguo ukuta ulianza kuota madoa meusi ya kuvu. Mdogo wao ana kifua, na kikohozi chake usiku nilikisikia kupitia ukutani.

Msomaji asidhani kuvu ni uchafu wa kupangusa tu. Desemba 2020, mjini Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wa wazazi kutoka Sudan, alifariki kwa maradhi ya njia ya pumzi. Novemba 2022 hakimu mchunguzi wa vifo alithibitisha kuwa maradhi yale yalisababishwa na kuvu la nyumba yao ya kupanga, ambayo baba yake alikuwa ameilalamikia mara kwa mara. Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 2023 sheria ambayo sehemu yake hujulikana kwa jina la mtoto huyo. Nyumba baridi hushika unyevu, na unyevu huzaa kuvu.

Nilimwuliza mpwa wangu: mama yako ajua? Akasema hajui. Kwa nini hukumwambia? Akanijibu, "Ami, nikisema sina, watasema nawanyima. Nikisema rejeta, watacheka. Nani Mombasa atakayeamini kuwa nimekosa pesa za harusi kwa sababu ya joto?"

Nikamwambia ampigie mama yake, na asiseme "sina" wala "mambo magumu", maneno ambayo kila mtu huyasema. Ataje chombo, ataje bei, na amwonyeshe ukuta kwa video. Akapiga mbele yangu. Dada yangu alitazama yale madoa meusi, akatazama magodoro sakafuni, akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwanangu, kumbe kule joto hununuliwa?" Usiku huo huo yeye mwenyewe aliwaambia kina mama wenzake kuwa fungu la mwanawe liondolewe. Rejeta ikabadilishwa siku tano baadaye. Khaloo mwenye harusi hakuridhika; alisema ni visingizio vya watu wa Ulaya, na ninapoandika haya bado hajapokea simu ya mpwa wangu. Namwombea Mola ailainishe nafsi yake.

Mabibi na mabwana, nafaka katika fiqhi yetu haina orodha moja ya nchi zote. Wanazuoni wameipima kwa uwezo wa mtoaji na kwa ada ya mahali. Chakula, mavazi na makazi ni wajibu; na makazi ni yale yanayomsitiri mtu na madhara ya pale alipo. Penye jua kali ni kivuli, penye barafu ni joto. Suratun Nahl, inapohesabu manufaa ya wanyama tuliopewa, hutanguliza ujoto kabla ya chakula. Basi nyumba ya Leicester isiyo na joto Januari ina upungufu wa nafaka, kama vile nyumba ya Kisauni isiyo na maji.

Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha mpango wa matumizi: mtu huanza na nafsi yake, kisha ahli wake, kisha jamaa wa karibu kwa ukaribu wao. Mzazi muhitaji ana haki yake, na mwana aliye ng'ambo asijifiche nyuma ya bili akamwacha mama yake bila dawa. Lakini leso za sare si dawa, na fungu la shangwe halitangulii kifua cha mtoto.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande mbili. Nyinyi mlio huku, kumbukeni kuwa miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndiyo miezi mizito ya wenzenu. Harusi zetu nyingi na karo za Januari huangukia hapo hapo. Mnapotaka kuomba, ulizeni kwanza hali ya nyumba yao, na muweke mbali cha dharura na cha fahari.

Nanyi mlio kule, semeni kwa tarakimu. Mama hawezi kuhurumia asichokijua. Na mjue haki zenu: kwa Uingereza yenyewe, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 humwajibisha mwenye nyumba, katika upangaji wa kawaida, kutengeneza vyombo vya kutia joto. Aliyepanga asitoe pauni 325 mfukoni mwake kwa kuona haya. Amwandikie mwenye nyumba barua, aweke nakala na picha. Aliyenunua nyumba, kama mpwa wangu, hana wa kumwandikia. Basi aitishe bei kwa mafundi wawili au watatu, aulize kila senti ni ya nini, na atie dawa ya kutu katika maji ili rejeta nyingine zisimfikie kwa zamu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu za huku na za kule, na atujaalie kusameheana katika mali.

Wabillahi tawfiq.