Makosa Yaliyoandikwa

Kuna kitabu kinachotoka kila mwaka, aghalabu mwezi wa Mei, ambacho sidhani kama kina wasomaji wengi nje ya ofisi za serikali na vyumba vya habari. Ni ripoti ya hali ya uchumi inayotolewa na shirika la takwimu la taifa letu la Kenya, KNBS. Watu huifungua kutazama bei ya unga, mapato ya utalii na idadi ya kazi mpya, kisha wakaifunga. Mimi, tangu nistaafu ualimu, nimezoea kwenda moja kwa moja kwenye sura ya utawala na usalama, huko nyuma, ambako pana jedwali la makosa yaliyoripotiwa kwa polisi. Wizi, uvunjaji wa nyumba, mauaji, makosa dhidi ya maadili, dawa za kulevya; kila kosa na mstari wake, kila mwaka na jumla yake. Mke wangu husema huu ni ugonjwa. Huenda.

Tazama basi jumla hizo, msomaji. Mwaka 2018 yaliandikwa makosa 88,268. Mwaka 2019 yakafika 93,411. Mwaka 2020 yakaporomoka hadi 69,645, kisha yakaanza kupanda tena: 81,272 mwaka 2021, 88,083 mwaka 2022, na 104,842 mwaka 2023. Ukiichora miaka hiyo kwenye karatasi ya mraba utapata bonde, na chini kabisa ya bonde umelala mwaka wa korona.

Swali langu ni dogo. Je, ni kweli kwamba mwaka 2020 Wakenya tulikuwa wema zaidi, kwa robo nzima, kuliko mwaka uliotangulia?

Kwa sehemu, ndiyo. Kuanzia tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilitufungia ndani tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Baa zilifungwa. Mnyang'anyi wa usiku hakuwa na wa kumnyang'anya, na mlevi asiye na baa hapigani na mlevi mwenzake. Nyumba zilishinda na watu mchana kutwa, hata mvunja madirisha akakosa nafasi. Hayo nayakubali bila ubishi.

Lakini katika miezi hiyo hiyo kituo cha polisi nacho kilisogea mbali. Matatu zilipunguza abiria na nauli ikapanda. Mwanamke aliyepigwa na mumewe saa mbili za usiku angetokaje kwenda kushtaki, ilhali kutoka tu mlangoni kulikuwa kosa? Na barabarani angekutana na nani? Jioni ile ya kwanza ya kafyu, kwenye kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wakisubiri feri warudi makwao walipigwa virungu na kurushiwa gesi ya kutoa machozi kabla hata saa moja haijagonga. (Sijapata kuona katika jedwali langu mstari uliotengewa virungu vya namna ile.) Kwa hiyo ndani ya ile 69,645 yamechanganyika mambo mawili: makosa ambayo hayakutendeka, na makosa yaliyotendeka yasifikishwe kaunta. Jedwali haliyatenganishi. Haliwezi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tunasema takwimu za uhalifu, lakini kinachohesabiwa si uhalifu. Kinachohesabiwa ni mistari katika kitabu cha matukio, kile ambacho kila Mkenya anakiita OB. Baina ya tendo na mstari huo kuna milango kadhaa, na kila mlango una bawabu wake.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Shangazi yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikuwa akitoka arusini usiku pamoja na mjukuu wake. Vijana wawili wakawatokea uchochoroni, mmoja ameshika kisu. Mkoba ukaenda, na ndani yake shilingi elfu nne, simu na kitambulisho. Asubuhi nilimsindikiza kituoni. Afande aliyekuwa kaunta alikuwa na adabu zake, siwezi kumsingizia.

"Pole sana, mama," alisema. "Sasa tuandike umepoteza kitambulisho na simu, upewe abstrakti ukatengeneze vingine."

"Sikupoteza, mwanangu. Nimenyang'anywa kwa kisu."

"Ukisema kisu, hiyo ni kesi. Hao vijana unawajua? Utatuonyesha?"

Hakuwajua. Nilimwomba afande aandike kama ilivyotokea. Akasema kesi ya kisu inamtaka mkuu wa kituo, na mkuu hakuwapo, labda turudi Jumatatu. Shangazi akanivuta mkono. Alichotaka yeye ni kitambulisho, kwa sababu bila hicho hawezi kupokea pesa zake za wazee. Basi ikaandikwa. Nilimaliza kuusoma mstari ule juu chini kabla afande hajafunga kitabu: mkoba ulipotea, mahali hapajulikani. Nambari ya OB tukapewa, na muda wote haukuzidi robo saa. Unyang'anyi wa mabavu, ambao katika sheria zetu ni miongoni mwa makosa mazito kabisa, ukawa usahaulifu wa mwanamke mzee.

Jirani yangu alikuwa sajini, sasa amestaafu, na jioni hucheza bao barazani kwangu. Nilipomsimulia hakushangaa. "Mwalimu," aliniambia, "kesi ukiifungua ni mtoto umemzaa. Itataka mpelelezi, itataka gari, na gari litataka mafuta. Na mwisho wa mwezi mkubwa wako anauliza mbona kituo chako kina kesi nyingi hivi ambazo hazijamalizika. Kitu kilichopotea hakina anayekiuliza." Hakuwa akijitetea. Alikuwa akinieleza kazi, kama fundi anavyoeleza kwa nini mlango umeshuka.

Huo ni mlango wa kaunta. Wengi hata hawaufikii. Mwenye gari lililoibwa atakwenda kituoni mbio, kwa kuwa bima haitalipa bila karatasi ya polisi. Ndiyo maana naamini mstari wa magari ulioko katika jedwali uko karibu sana na ukweli. Lakini yule aliyetapeliwa shilingi elfu mbili kwa simu, na sidhani kuna familia pwani nzima isiyo na mtu wa namna hiyo, ataomboleza kidogo, atachekwa na wenzake, basi. Mwenye kuku walioibwa atamalizana na mwizi kwa mzee wa mtaa. Aliyepigwa na kuumizwa anahitaji fomu ya P3 ijazwe na daktari, na safari ya kwenda na kurudi ina nauli. Kule Garissa, Wajir na Mandera kuna maslaha, ambapo wazee wa pande mbili huketi na kulipana fidia, hata katika kesi ya msichana aliyenajisiwa, na aghalabu hakuna anayemuuliza msichana mwenyewe.

Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 ndani ya nyumba zao, mbali na polisi na mbali na waume zao. Asilimia 34 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe umri wa miaka 15. Mmoja katika kila watatu. Hao ni mamilioni ya wanawake. Najua hiyo ni hesabu ya miaka mingi wala si ya mwaka mmoja, na haifai kuilinganisha na jedwali moja kwa moja. Lakini jumla ya makosa yote, ya kila aina, nchi nzima, ndani ya mwaka, haifiki laki moja na elfu tano. Hata ukigawanya kwa uangalifu wote ulio nao, hesabu haikubali.

OB tulirithi kwa Waingereza, pamoja na kaunta yenyewe na mtindo wa kuandika. Nilitaka kujua wao wenyewe wamefika wapi nayo. Katika mwaka uliomalizika Machi 2020, polisi wa England na Wales waliandika makosa karibu milioni 6 kwa watu wasiozidi milioni 60. Sisi mwaka 2019 tulihesabiwa watu milioni 47.6. Fanya hesabu hiyo polepole: kwa kila watu 100,000, kwetu makosa kama 196, kwao kama 10,000. Yaani Kenya ni salama kuliko Uingereza mara hamsini! Sijapata kumwona mtalii anayekuja Malindi kwa sababu hiyo.

Na hao wenye milioni 6 nao hawaiamini kalamu ya polisi peke yake. Tangu mwaka 1982 wamekuwa na uchunguzi unaokwenda majumbani kuuliza watu waliotendewa nini, wawe walikwenda polisi au hawakwenda. Mwezi wa Januari 2014, mamlaka yao ya takwimu iliziondolea takwimu za polisi hadhi ya kuwa takwimu za taifa, na mwezi wa Novemba mwaka huo wakaguzi wa polisi wakatoa ripoti kwamba takriban asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa. Zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Kumbuka, hao ni watu waliokwenda kuripoti.

Kuna kisa kingine cha huko ambacho kilinikalisha usiku. Ukitazama mauaji ya England na Wales, mwaka wa 2002/03 unachomoza kama mnara. Mtu asiyejua atadhani kulikuwa na vita. Kumbe ni daktari mmoja, Harold Shipman, aliyekuwa akiwadunga wagonjwa wake sindano za kifo kwa miaka mingi. Tume iliyomchunguza ilithibitisha mwaka 2002 kwamba aliua watu 215 kati ya mwaka 1975 na 1998, na vifo zaidi ya 170 kati ya hivyo vikaingizwa katika hesabu ya mwaka mmoja, kwa sababu kosa huhesabiwa siku linapoandikwa. Miaka yote ambayo wale wazee walikuwa wakifa, jedwali lilikuwa shwari.

Sikuweza kusoma hayo bila kufikiria huku kwetu Kilifi. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, wachimbaji walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja, watu waliosemekana kuambiwa wafunge hadi wafe. Miili ilizidi 400. Mhubiri na wenzake walishtakiwa mahakamani mwaka 2024, wakakana. Lakini kuna jambo ambalo halingoji hukumu. Kamati ya Seneti iliyochunguza mkasa huo ilisema vyombo vya usalama vilipata habari mapema na havikuchukua hatua. Kuna jamaa waliosema dada yangu ameingia msituni na watoto hajarudi, mwanangu ameuza kila kitu ameondoka. Wakati huo walikuwa hai wengi wao. Mwaka 2022 makosa yalikuwa 88,083, na katika tarakimu hizo nane na nane na sifuri hakuna alama yoyote ya Shakahola inayoonekana. Ilibidi majembe yaingie ardhini kwanza.

Kwa hiyo watu walipolalamika kwamba makosa yameruka kwa asilimia 19 mwaka 2023, mimi sikujua nilie au ninyamaze. Kupanda kwa namba kunaweza kuwa maovu yamezidi. Kunaweza pia kuwa polisi wamefanya misako. Makosa ya bangi, kwa mfano, hupima bidii ya msako kuliko idadi ya wavutaji, kwani mvutaji haendi kujiripoti. Na mstari wa makosa dhidi ya maadili, ambamo wamo watoto walionajisiwa, ukipanda, sikimbilii kusikitika. Pengine mwaka huo, kwenye kituo fulani, kulikuwa na afande wa kike katika dawati la jinsia aliyemkalisha msichana akamsikiliza mpaka mwisho, habari zikaenea kijijini, wakaja wengine. Namba mbaya kama hiyo ningependa kuiona katika kila kaunti.

Nasoma kwa mpangilio wangu siku hizi. Kwanza mauaji, maana maiti ni vigumu kuiita mkoba uliopotea, ingawa Shakahola imenifunza kutolitegemea hata hilo. Kisha magari. Kisha maadili, na hapo nasoma kinyume. Jumla kuu, ile inayosomwa redioni, naiacha mwisho, na mara nyingi siiangalii.

Inawezekana kuuliza vizuri zaidi, na watu wa takwimu wetu hawashindwi kubisha hodi. Mwezi wa Agosti 2019 kijana wa sensa alikuja kwetu usiku na kishikwambi chake. Aliuliza paa letu ni la nini, choo chetu ni cha aina gani, tunapikia makaa au gesi, na kuku, mbuzi na ng'ombe tunao wangapi. Shangazi alikuwako na alihesabiwa pamoja nasi. Yule kijana alimwuliza kwa heshima umri wake, alipozaliwa, na kama anajua kusoma. Alijibu yote. Alipomaliza, alibaki ameketi akimtazama, kama mtu anayengoja swali jingine, mpaka kijana alipofunga mashine yake akaenda nyumba ya pili.