Kwenye mteremko wa Kirungu, motokari ikikataa vitesi

Anayefika Moba kwa boti huona kwanza ziwa, halafu mlima. Kule chini, penye bandari, maji ya Tanganyika yako karibu mita 770 juu ya bahari. Kirungu yetu iko juu, upande wa milima ya Marungu, penye upepo wa baridi. Wazee waliiita Baudouinville. Hapa ndipo Stefano Kaoze alipata upadri mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi. Kati ya juu na chini kuna barabara ya mteremko. Humo hupita mahindi na maharagwe yetu, wagonjwa, na watoto wanaokwenda kusoma Kalemie.

Msimu wa mavuno tulishuka wamama saba, juu ya magunia. Kabla ya kona moja shofere alisimamisha motokari. Alipotaka kuendelea, alikanyaga ambreyaji, akasukuma fimbo ya vitesi: ikasaga tu, ikakataa kuingia. Akasema, «Wamama, msiogope. Tuache iteremke yenyewe, mlima utatusukuma mpaka bandarini.» Boti ilikuwa inangoja. Tukamjibu, «Baba, sisi tunashuka.» Mmoja wetu alikuwa na mtoto mgongoni, huyo ndiye aliyeshuka wa kwanza. Kijana msaidizi akaweka mawe mbele ya magurudumu.

Kwa nini tulikataa? Motokari ikiwa katika vitesi ya kwanza au ya pili, moteri yenyewe inazuia magurudumu. Bila vitesi, mzigo wote unabaki kwa freni peke yake. Kwa mteremko mrefu freni zinapata moto, na zikipata moto sana zinakosa nguvu. Magunia hayajui kusimama.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: zima moteri, funga freni ya mkono, weka mawe, halafu jaribu vitesi tena. Zikiingia vizuri moteri ikiwa imezimwa, lakini zinakataa ikiwa inawaka, ugonjwa karibu kila mara uko kwenye ambreyaji: haiachanishi moteri na sanduku la vitesi. Zikikataa hata moteri imezimwa, tazama fimbo na vyuma vinavyoiunganisha na sanduku, au sanduku lenyewe. Hiyo ni kazi ya garaji. Na zikiingia, lakini moteri inalia na motokari haitembei, tena kuna harufu ya kuungua, ambreyaji imekwisha.

Siku ile zote ziliingia moteri ilipozimwa. Shofere akafungua mbele: chupa ndogo ya mafuta ya ambreyaji ilikuwa tupu, na chini ya pedali kulikuwa na unyevu. Motokari nyingi hutumia mafuta yaleyale ya freni, hata chupa ileile moja. Basi chupa tupu ni hatari mara mbili. Mtu mmoja akashauri kutia maji. Hapana! Wala mafuta ya moteri: yanaharibu mipira ya ndani. Msaidizi akapanda kwa miguu kutafuta mafuta ya freni. Wakajaza, wakatoa hewa kwa kukanyaga pedali mara nyingi, vitesi zikaingia. Lakini penye kuvuja panabaki panavuja mpaka fundi abadilishe mpira.

Boti iliondoka bila sisi. Wengine waliuza mahindi palepale bandarini kwa bei ya chini, na ada ya shule ikachelewa. Hasara hiyo ilituuma, hatuifichi. Lakini tulirudi nyumbani saba, na mtoto wa nane.

Kwa hiyo tumepatana katika kikundi chetu. Kabla ya kulipa nafasi, mama mmoja amwombe shofere kwa heshima aonyeshe chupa ya mafuta ya freni. Motokari iwe na mawe mawili au magogo ya kuzuia. Shofere akitaka kuteremka bila vitesi, wote washuke pamoja, kwa sababu mama mmoja akibishana peke yake ataitwa mwoga, lakini saba wakishuka hakuna safari. Tunaomba vikundi vingine vya njia hii vijadili jambo hili katika mkutano wa juma lijalo.