Kompyuta Inyamaze, Mzee Asikike

Kelele ni za namna nyingi. Ziko zile tunazozikimbia, kama mngurumo wa jenereta ya jirani, na ziko zile ambazo masikio huzizoea hata yakaacha kuzitambua. Mvumo wa kompyuta ya mezani ni wa aina hii ya pili. Ndugu msomaji, ikiwa kompyuta yako ni ya kuandikia barua na kupigia hesabu za nyumbani tu, pengine mvumo huo haukusumbui. Lakini katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo askari aliyetoka lindo la usiku anataka kulala mchana, au ambamo mna mtoto mchanga, utulivu ni jambo la kutafutwa. Kwangu mimi ulitafutwa kwa sababu nyingine.

Sisi ni watu wa visiwa vilivyo kusini ya Kisimayu: Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wengi wetu walivuka kwa mashua hadi Lamu na Mombasa, na baadhi yao wakafika mpaka Ulaya na Marekani. Lugha ikatawanyika pamoja na wenyewe. Kisomali kilipata maandishi yake rasmi mwaka 1972, lakini Kibajuni kimebaki vinywani kuliko vitabuni. Basi shangazi yangu, mzaliwa wa Chula anayeishi Kisimayu, alipokubali kusimulia habari za uvuvi, za harusi na za majina ya miamba, tuliweka maikrofoni juu ya meza, karibu na kompyuta ya familia iliyoletwa kutoka Mombasa ikiwa imekwisha kutumika.

Tuliposikiliza, kila neno lilikuwa limefunikwa na mvumo. Irabu zilisikika vema, ila sauti nyembamba zilikuwa zimezama. Hiyo si hasara ndogo. Penye t ya Kiswahili cha kawaida, Mbajuni mara nyingi husema ch. Ndiyo maana kisiwa ambacho wengine hukiandika Tula sisi hukiita Chula. Sauti kama ch na s ni dhaifu, na huzimwa upesi na mvumo wa upepo. Lahaja yetu ilikuwa inapotea mahali pale pale inapojipambanua. Shangazi mwenyewe alisema, “Mwanangu, tuliza kwanza upepo huo, kisha nitasema.”

Hapana budi kujua kwanza kelele inatoka wapi. Viringisha karatasi iwe kama bomba, weka ncha moja sikioni, na nyingine uipitishe karibu na matundu ya kompyuta, bila kuingiza kitu ndani. Kwetu ilitoka nyuma, kwenye kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu ni wa volti 220, na kuugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na vyombo vya ndani. Katika kuugeuza, sehemu fulani hupotea ikawa joto. Joto huita feni, na feni huleta kelele.

Kwa hiyo anayetaka kimya aanze na joto. Tuseme vyombo vya ndani vinahitaji wati 100. Kisanduku chenye ufanisi wa asilimia 80 kitavuta wati 125, na wati 25 zitakuwa joto. Chenye asilimia 90 kitavuta wati 111 tu, na joto litakuwa wati 11. Kwa anayetumia betri na sola, tofauti hiyo pia ni akiba. Tangu mwaka 2004 uko mpango wa kupima visanduku hivi uitwao 80 Plus. Alama yake ya dhahabu humaanisha ufanisi wa asilimia 90 au zaidi kinapobeba nusu ya mzigo wake.

Jambo la pili ni feni. Feni pana ya milimita 120 hupitisha hewa ile ile kwa mizunguko michache kuliko ya milimita 80, na feni iendayo polepole haipigi kelele nyingi. La tatu ni ukubwa wa kisanduku. Muuza duka mmoja alinishikilia ninunue cha wati 800, akidai kikubwa ndicho bora. Kompyuta ya kuandikia na kunasia sauti aghalabu haifiki hata wati 150. Cha wati 300 hadi 450 kilicho kizuri chatosha kabisa.

Viko visanduku visivyo na feni hata kidogo. Kimya chao ni kamili, lakini katika joto la pwani yetu hutegemea sana hewa ipite vizuri ndani ya kompyuta. Nilichagua cha kati: feni yake hulala mzigo ukiwa mdogo, na huamka joto likizidi. Wenye inveta nao wahakikishe inatoa umeme wa mawimbi laini, kwani umeme wa mawimbi ya mraba huweza kukifanya hata kisanduku kizuri kilie kama nyuki. Wakati wa kusi, upepo unapoleta chumvi ya bahari, kiweke mbali na dirisha, na ufute vumbi kwenye matundu umeme ukiwa umezimwa. Kamwe usikifungue chenyewe, kwa maana umeme hubaki ndani hata baada ya kuchomolewa.

Siku hizi shangazi husimulia baada ya sala ya isha, mji unapotulia, na ch zake zote zasikika. Tumekwisha kunasa majina ya miamba ambayo vijana wetu waliozaliwa Mombasa hawajapata kuyasikia. Kila usimulizi twauweka mahali pawili, mmoja hapa na mwingine kwa jamaa walio ng’ambo. Msomaji mwenye mzee nyumbani afanye vivyo hivyo, na asingoje mpaka apate chombo kizuri kuliko vyote. Kisanduku cha umeme huuzwa dukani kila siku.